Chungulia kwanza, kuchoma baadaye!

Leo sina umbea wa nani kaachika na nani kanunuliwa gari. Leo tunaongelea kidude kimoja kidogo, ukubwa wake kama flashi yako ya kuhifadhia nyimbo, ambacho ukikijua kinaokoa hela ya mtu, na ukikivamia kinamfilisi. Na mfano wangu siutoi Kariakoo. Nautoa Kibiti.

Naona wengine mmeshaguna. Kibiti wengi wenu mnaijua kwa dirisha la basi la Lindi na Mtwara: mnanunua korosho, mnanunua maji, hao mnaondoka. Lakini ukikata kushoto kuelekea Nyamisati unafika kwenye maji, na mbele ya maji hayo ndiyo delta yenyewe ya Rufiji, yenye mikoko zaidi ya hekta 50,000, msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki. Humo ndani watu wanaishi, wanavua kamba, wanaoana na wanadaiana kama sisi. Tofauti ni kwamba sehemu nyingi umeme ni wa sola, na kitu kikiharibika, fundi anafuatwa kwa boti.

Sasa kidude chenyewe. Mafundi wanakiita probu. Upande mmoja kinachomekwa kwenye kompyuta, upande wa pili kinatoa nyaya chache zinazokwenda kwenye chipu iliyo juu ya bodi ya mashine. Kikishika, unaweza kuisimamisha chipu ikiwa katikati ya kazi, ukaona imefika wapi, ukasoma kilichomo ndani yake, au ukaandika kipya. Kwa Kiswahili cha kijiweni, ni kumchungulia mtu mawazo yake bila kumuuliza.

Wazungu kazi hii wanaiita kutoa wadudu, na wana hadithi yake. Septemba 9, 1947, pale Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliokuwa wakiendesha kompyuta ya Mark II walimkuta nondo amenasa kwenye relei. Nondo yule mdudu jamani, si nondo za kujengea. Wakambandika kwenye daftari la kazi na kuandika kwamba mdudu amepatikana. Neno lenyewe lilikuwepo zamani kabla ya hapo, lakini hadithi ilivuma, hasa kwa kusimuliwa na Grace Hopper, mama aliyebobea kwenye kompyuta.

Turudi Kibiti. Pale mjini kuna kijana mmoja fundi, jina namfichia. Miaka kadhaa nyuma alimtengenezea mama mmoja wa kule delta kisanduku cha kuongoza friza ya sola. Mama ananunua kamba kwa wavuvi, anawagandisha, halafu anawapeleka sokoni. Kazi ya kisanduku ni kupima joto la friza na nguvu ya betri, kisha kuwasha au kuzima. Ndani yake kuna bodi ya bei poa yenye chipu ya STM32F103, ile ambayo mafundi wanaiita kidonge cha bluu.

Friza ikalala. Mama akawa ananunua barafu ya kuletwa kwa boti kila siku, na faida yote inayeyukia humo. Jirani mmoja mjuaji akamwambia: "Hiyo programu imekufa, mwambie fundi aichome upya." Mama akaifunga ile bodi kwenye kanga, akapanda boti mpaka Nyamisati, akapanda gari mpaka Kibiti. Nilikuwepo kibandani siku hiyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja uichome upya, nirudi na boti ya kesho."

Kijana akanyamaza. Maana kuna kitu mama hakukijua. Mafuriko ya mwaka 2024, yale yaliyopiga Rufiji na Kibiti, yaliingia nyumbani kwao bondeni na kuondoka na laptopu yake ya zamani. Programu aliyoiandika kwa miezi ilikuwa humo, na nakala hakuwa nayo. Duniani kote ilikuwa imebaki moja tu, nayo ilikuwa ndani ya chipu ile iliyofungwa kwenye kanga. Ukichoma upya unaifuta. Ukiifuta, una nini cha kuweka?

Kwa hiyo akasema: "Mama, leo sichomi kitu. Leo nasoma."

Hapo ndipo nataka mnisikilize, hasa ninyi vijana mnaosomea umeme na kompyuta na mnaonunua probu za bei chee mtandaoni. Aliyonayo kijana ni nakala ya ST-Link, ile ya kampuni ya STMicroelectronics. Akachomeka, akabonyeza unganisha, kompyuta ikajibu kwamba hakuna chipu inayoonekana. Mwingine angeshatukana. Yeye akaanza kuhesabu vidole.

Kidole cha kwanza: je, kompyuta inaiona probu yenyewe? Kama haionekani, tatizo haliko kwenye bodi. Angalia draiva, badilisha tundu la USB. Na kama probu yako inatumia waya, jihadhari na waya wa kuchajia simu tu. Unapitisha umeme lakini haupitishi mazungumzo. Ni kama mchumba anayepokea pesa na hapokei simu.

Kidole cha pili: nyaya zimekaa mahali pake? Hizi zinazungumza kwa nyaya mbili, ya data na ya saa, pamoja na graundi. Mkiwa hamna graundi ya pamoja, hamwezi kuelewana, maana hata volti hupimwa kutoka mahali fulani. Na usiamini picha uliyoiona mahali. Nakala hizi hutofautiana mpangilio wa vijiti, soma maandishi yaliyo kwenye mwili wa probu yako wewe.

Kidole cha tatu: bodi ina umeme? Kijana akachukua mita, akapima volti 3.3 kwenye chipu. Ipo. Angalia hapa: ST-Link halisi inaipima tu volti ya bodi, haitoi. Nakala nyingi zinatoa. Kama bodi tayari inajilisha yenyewe, usiilishe mara mbili. Na kama bodi inachukua umeme wa ukutani moja kwa moja bila transfoma ya kutenganisha, usiunganishe na laptopu kabisa. Unaweza kuua laptopu, na unaweza kufa wewe.

Kidole cha nne ndicho kilichotoa jibu la kwanza. Alipoinamisha bodi kwenye mwanga, vijiti vya kuunganishia vilikuwa na kutu ya kijani. Chumvi! Hewa ya delta haina huruma na shaba. Akasugua taratibu kwa mswaki na spiriti, akabadilisha nyaya ndefu akaweka fupi za sentimita kumi na kitu, akashusha kasi ya mazungumzo mpaka kilohezi 480. Ukiwa na waya mbovu ongea polepole, ndivyo watu wanavyosikilizana.

Kidole cha tano ni riseti. Kuna programu ambazo zikiamka tu zinachukua ile miguu ya probu na kuipa kazi nyingine, mlango unafungwa. Dawa yake ni kushikilia kitufe cha riseti, kubonyeza unganisha, kisha kuachia, ili uingie kabla mwenye nyumba hajaamka. Kijana hakuhitaji, lakini kaiwekeni akilini.

Sasa probu ikashika, halafu ikagoma tena. Safari hii ililalamika kuhusu kitambulisho. Chipu halisi ya aina ile hujitaja kwa namba 0x1BA01477, na hii ilijitaja 0x2BA01477. Tofauti ni tarakimu moja tu, lakini maana yake ni kwamba chipu si ya kiwanda kile, ni nakala iliyouzwa kwa jina la mwenzake. Mjini hapa tunao wengi wa hivyo, tena wanavaa suti. Lakini nakala si mfu. Akabadilisha namba inayotegemewa kwenye mipangilio ya OpenOCD, programu ya bure ya kuendeshea probu, na mlango ukafunguka.

Hapo angeweza kushangilia na kuanza kugusa huku na huku. Hakugusa. Amri yake ya kwanza ilikuwa ya kusoma: kuanzia anwani 0x08000000, kilobaiti 64, yaani baiti 65,536, zihifadhiwe kwenye faili. Akasoma mara ya pili kwenye faili jingine, akalinganisha. Sawasawa. Akafungua kuona ndani, kwa sababu ukikuta FF tupu mwanzo mpaka mwisho, ujue umehifadhi hewa. Haikuwa hewa. Faili moja akaliweka kwenye simu, jingine akajitumia kwa barua pepe. Ndipo akapumua.

Sikudanganyi, kilichotoka si ule mswada alioandika kwa mkono wake. Ni lugha ya mashine, kuibadilisha ni kazi ya kuchosha macho. Lakini unaweza kuinakili kwenye chipu nyingine ya aina hiyohiyo na friza ikafanya kazi. Kwa mama mwenye kamba, hiyo inatosha.

Na je, ingekuwa imefungwa kufuli? Chipu hizi zina ulinzi wa kuzuia kusomwa. Kompyuta itakuuliza kwa upole kama uondoe ulinzi, na kitufe kipo palepale kinakuchekea. Ukikubali, chipu inajifuta yote kwanza, ndipo inafunguka. Unapewa ufunguo wa nyumba ambayo vyombo vyote vimeshachomwa moto. Vijana wengi wanabonyeza bila kusoma.

Ikabaki kujua ugonjwa. Kijana akaiendesha chipu, akaisimamisha, akaangalia ipo wapi. Akaiendesha tena, akaisimamisha tena. Kila mara anaikuta palepale, inazunguka mistari michache, inasoma mguu uleule wa kipimajoto. Alifanya hivyo friza ikiwa haipo kwenye bodi, na nanyi mfanye hivyo, kwa sababu chipu ikisimama relei inabaki ilivyokuwa. Kama ilikuwa imewasha kitu, kitaendelea kuwaka bila mwangalizi.

Kumbe programu haikufa! Ilikuwa inasubiri. Inauliza joto ni ngapi, hakuna anayejibu, nayo haiwezi kuwasha friza bila jibu. Akaugeukia waya wa kipimajoto, ambao mama kwa bahati aliukata na kuuleta pamoja na bodi. Akauchuna kidogo: ndani shaba imeliwa na chumvi mpaka imekuwa unga. Kipande cha waya mpya, risasi kidogo, mpira wa kuzibia maji yasiingie, basi. Joto likasomeka, relei ikagonga tak!

Mama akauliza: "Kwa hiyo hukuichoma?"

"Sikuichoma mama. Haikuwa na kosa."

Fikirieni kama angemsikiliza jirani mjuaji. Angefuta programu nzima, tena ya pekee, kwa kosa la waya. Angeandika mpya kwa wiki kadhaa, angeichoma, na friza isingewaka, kwa sababu waya ungekuwa bado umeoza. Mama angekuwa ameshauza friza kulipa barafu.

Kwa hiyo ninyi mnaonunua probu, utaratibu ni huu: umeme, graundi, nyaya, kasi, riseti, kitambulisho. Mkiingia, somani na mhifadhi nakala sehemu mbili. Kuandika kuje mwisho kabisa. Na mkitengeneza kitu cha kwenda pwani, kizibeni chumvi isiingie, na muandike programu inayojua kuchoka kusubiri, iwashe hata taa nyekundu kusema kipimajoto hakijibu. Kijana wa Kibiti anaiandika upya sasa akiwa na hilo kichwani.

Na ninyi ambao hamna habari na chipu wala probu, msifikiri mmepona. Nawajua. Meseji haijajibiwa saa tatu, umeshafuta namba, umeshafuta picha, umeshamwambia shoga yako kwamba yule bwana ni nuksi. Kumbe maskini simu imeisha chaji yuko ndani ya basi hapo Ikwiriri. Sisemi msiwaache wanaostahili kuachwa, wapo tena wengi. Nasema chungulieni kwanza. Kufuta ni dakika moja, na kuna vitu havina nakala.

Haya, mwenye probu na aanze leo kuhifadhi nakala. Wiki ijayo, panapo majaliwa, nitakuja na ya wapangaji na mita za luku. Ciao!