Msaidizi wa kinyozi aanze kazi kabla ya wembe

KITI CHA DIRISHANI
Na Hamisi Kilindo

Ingia saluni yoyote ya kiume Jumamosi jioni, iwe Sinza au Mbagala, utakuta kazi imegawanywa vilevile. Kinyozi, karibu kila mara kijana wa kiume, ameshika mashine. Pembeni, karibu na beseni la kuoshea, wamekaa dada wawili wakisubiri kichwa kiishe. Kikiisha kinahamia kwao: wataosha, watapaka skrabu na kusugua, watakanda mabega, watafunika uso kwa taulo la moto, na anayeficha mvi watampaka blaki. Mteja anajitazama kwenye kioo kushoto na kulia, anamlipa kinyozi, anamwachia dada hela ya soda, anaondoka.

Kuhusu dada hawa tumeshazungumza mno, na sehemu kubwa ya mazungumzo yetu ni upuuzi. Wake za watu wanawaogopa, wachekeshaji wa mitandaoni wanawageuza mtaji, na mashehe na wachungaji nao hawajakaa kimya. Katika kelele zote hizo sijasikia anayeuliza jambo la kwanza ambalo mtu angeuliza kwa fundi yeyote anayemgusa mwilini: huyu amefundishwa na nani?

Muulize mwenyewe. Atakwambia alimwangalia mwenzake, na mwenzake alimwangalia mwingine aliyehamia Kinondoni. Siku ya kwanza alipewa ufagio wa kukusanya nywele. Zikafuata taulo za kufua. Halafu siku moja wateja walijaa, aliyekuwa akiosha yuko msibani, naye akasukumiwa uso wa mtu. Akaweza, au alionekana ameweza, kwa kuwa mteja hakulalamika. Tangu hapo ni mzoefu.

Sina ugomvi na kujifunzia kazini. Mafundi wetu wengi wazuri wametoka humo, na sidhani kama dawa ya kila kitu ni kumpeleka mtu darasani miezi 6 akachore mchoro wa ngozi. Ugomvi wangu ni na kujifunza kwa macho tu. Macho huona mkono unakwenda wapi. Hayaoni kwa nini. Na katika saluni zetu "kwa nini" imekosekana kiasi kwamba hata mpangilio wa kazi umekaa kinyume.

Nywele zetu za kipilipili zina tabia ya kujikunja. Ndevu ikikatwa kwa wembe karibu sana na ngozi, ncha yake kali hurudi kujichoma ndani inapoota, mwili unaiona kama mwiba, na kipele kinatokea. Ndivyo yanavyozaliwa yale mapele ya shingoni ambayo wanaume wengi tumeyakubali kama sehemu ya utu uzima. Kuyapunguza kunahitaji mambo mepesi: unywele ulainishwe kabla haujakatwa, wembe ufuate nywele zinakoelekea, ngozi isivutwe kwa nguvu, na baada ya hapo iachwe ipumzike.

Sasa tazama tunavyofanya. Mteja anakaa na ndevu kavu. Kinyozi anavuta ngozi kwa kidole gumba, anapandisha wembe kinyume na nywele ili pakae "laini", anamwagia spiriti, mteja anakunja uso na kusema "aisee." Ngozi ile, yenye mikwaruzo midogo ambayo macho hayaioni, ndiyo anayokabidhiwa msaidizi aisugue kwa skrabu ya chembechembe. Kisha taulo la moto juu yake! Mtu anaamka asubuhi shingo imemvimba, analaumu wembe.

Taulo lile na maji ya vuguvugu yalipaswa kutangulia. Unywele wa ndevu ukikaa na unyevu wa vuguvugu dakika 2 au 3 hulainika na kukatika kwa urahisi. Skrabu nayo, kama ni lazima iwepo, kazi yake ni kabla ya wembe, kwa mkono mwepesi, kuondoa ngozi iliyokufa na kuzifungulia njia nywele zilizonasa. Baada ya wembe ni maji ya baridi, kitambaa safi cha kugandamiza bila kusugua, na mafuta mepesi yasiyo na manukato makali. Wazee waliosema mwenzako akinyolewa wewe tia maji walijua kipi kinaanza.

Kwa hiyo msaidizi aliyefundishwa hasubiri kichwa kiishe. Yeye ndiye anayemkaribisha mteja kitini, anamfunga kitambaa shingoni akitanguliza karatasi laini ili kitambaa cha wateja wote kisiguse ngozi ya huyu, anaweka taulo, anapitisha vidole shavuni na chini ya kidevu kutambua ndevu zinaelekea wapi (shingoni huwa zinazunguka ovyo, upande huu zinashuka, ule zinapanda), na anamwambia kinyozi. Kinyozi anapokuja na wembe, nusu ya kazi imeshafanyika, na imefanywa na mtu ambaye leo tunamwita "yule wa kuosha."

Vidole hivyo vinaona mengine pia. Mapunye kichwani, kidonda kilichofichwa na nywele, vile vipele vya kisogoni ambavyo vikikwanguliwa kila wiki hugeuka makovu magumu yasiyotoka. Kwa sasa akikuta hivyo ananyamaza, kwa aibu au kwa hofu ya kumkosesha kinyozi mteja. Kufundishwa ni pamoja na kufundishwa kusema, tena kwa sauti ya chini, si ya kutangazia benchi zima. "Kaka, hapa nyuma pana kidonda kidogo, nitamwambia fundi asipitishe wembe." Kwa mtu mzima: "Shikamoo mzee. Naomba leo tusikunyoe hapa, ukaonwe kwanza na daktari." Kauli mbili hizo zinahitaji mazoezi zaidi kuliko kukanda mabega.

Tuje kwenye usafi, ambako ndiko hasa roho yangu ilipo. Tangu UKIMWI utuingie, kila mteja anajua kudai wembe mpya, na hilo ni jema. Ila kirusi cha homa ya ini aina ya B huambukiza kwa damu kwa urahisi zaidi kuliko VVU, na kinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, kwenye chuma kikavu kisicho na doa la damu linaloonekana. Mashine iliyomparura mtu Jumatatu inaweza kuwa na kitu cha kumwachia mwingine Ijumaa. Wanaosafisha mashine, wanaookota wembe uliotumika, wanaofua taulo zenye damu ni wasaidizi. Wao ndio walio karibu zaidi na hatari, na wao ndio wasioambiwa. Chanjo ya homa hiyo ipo, kwa kawaida dozi 3 ndani ya miezi 6. Mwenye saluni anayenunua televisheni ya inchi 55 ili watu waangalie Simba na Yanga ashindwe kuwapeleka wasaidizi wake wawili wakapime na kuchanjwa?

(Na kwa kuwa nimeitaja televisheni: somo la kwanza kwa mwanagenzi yeyote liwe kumwambia kinyozi ashushe wembe kabla hajageuka kuangalia goli.)

Saluni nyingi zina kile kisanduku chenye taa ya bluu, kinachomtuliza mteja na afisa afya kwa pamoja. Mara nyingine kimechomekwa kwenye umeme. Hata kikiwaka, mwanga wake unafanya kazi pale unapofika tu. Hauingii katikati ya meno ya mashine yaliyojaa nywele na mafuta. Wapo wanaomwagia mashine spiriti na kuwasha kiberiti. Inapendeza machoni, lakini moto wa sekunde mbili hauna uhakika wowote, na chupa ya spiriti iko palepale mezani. Msaidizi aliyefundishwa anajua kwamba kusugua kunatangulia kuua vijidudu: brashi kwanza, nywele zote zitoke, halafu ndipo spiriti, na iachwe ikauke yenyewe. Anajua kwamba spiriti ya asilimia 70 inaua vizuri kuliko ile ya asilimia 95, kwa sababu yale maji yaliyochanganywa huisaidia kupenya na kuichelewesha isikauke haraka. Kwa vifaa vinavyovumilia kulowekwa, kama vitana vya plastiki, dawa ya klorini ya asilimia 3.5 huchanganywa sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji, dakika 10, kisha husuuzwa. Dawa hiyo asiimwagie mashine, itakula chuma.

Halafu kuna wembe. Wengi tunanyolewa kwa nusu wembe, uliovunjwa katikati na kutiwa kwenye kishikio. Si vibaya. Swali ni ile nusu nyingine ilikuwa wapi. Utaratibu uwe kwamba msaidizi anautoa mbele ya macho ya mteja na kuuvunja hapohapo ukiwa bado ndani ya karatasi yake, na uliotumika unaingia kwenye dumu gumu lenye mfuniko. Leo unatupwa kwenye ndoo pamoja na nywele, ndoo inamwagwa kwenye kiroba, na kiroba kinapekuliwa na mtu anayeokota chupa, mikono mitupu.

Hatuhitaji kwenda mbali kuona kwamba jambo hili linaweza kusimamiwa. Ndugu zetu wanaorudi kutoka Hija wanasimulia Mina, ambako umati mkubwa hunyolewa kwa muda mfupi. Mamlaka za Saudi Arabia husisitiza vinyozi wenye leseni na wembe wa mtu mmoja mmoja, na huwafuatilia wanaonyoa kiholela kando ya njia, kwa hofu hiyohiyo ya homa ya ini. Jirani zetu Kenya wana majaribio ya ufundi chini ya NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, kwa madaraja, na ususi na urembo umo. Sisi tuna VETA, mamlaka yetu ya ufundi stadi, tangu sheria ya mwaka 1994, tuna mpango wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambao umewapa vyeti waashi, maseremala na mafundi magari waliojifunzia chini ya mwembe. Msaidizi wa kinyozi naye atengewe mlango wake mahususi humo, hata wa wiki chache: ngozi, maji, dawa, wembe, maneno. Na mtahini asimuulize maswali ya karatasi. Amletee mtu mwenye ndevu.

Kuna sehemu ya mafunzo haya ambayo wenye saluni hawaipendi, nayo ni mipaka. Kazi ya msaidizi inaanzia kichwani na kuishia mabegani. Hilo liandikwe ukutani pamoja na bei, ili mteja anayedhani elfu kumi imenunua zaidi ya alichofanyiwa asome mwenyewe. Binti wa miaka 20 asiye na mkataba, anayelipwa kwa kichwa, hana nguvu ya kumwambia mteja wa kila wiki "bosi, shusha mkono." Fundi wake ndiye mwenye nguvu hiyo, na mara nyingi fundi anacheka tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inauhesabu unyanyasaji kazini kuwa aina ya ubaguzi. Inaweka pia ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, jambo ambalo ukilitaja saluni Jumamosi saa nne usiku utaonekana mchekeshaji.

Nao wanaosema dawa ni kuwaondoa wanawake wote kwenye saluni za kiume wanakwepa hesabu. Mvulana asiyefundishwa atausugua ule ule uso uliokwaruzwa, kwa ile ile skrabu. Kipele hakijali.

Nimewahi kuyasema haya kwa mwenye saluni mmoja, mtu mwerevu mwenye viti vitano. Alinisikiliza hadi mwisho, akanijibu kwa utaratibu: "Kaka, nikimfundisha yote hayo, mwaka haupiti ataondoka, atafungua ya kwake hapo ng'ambo ya barabara." Ni hoja ya kweli, na ndiyo inayofanya mafundi wengi wafundishe nusu na kuficha nusu. Nikamuuliza yeye alianzaje. Akacheka: alianza kwa kufagia nywele Mwananyamala, na saluni aliyofungua mwanzo ilikuwa mita chache kutoka kwa aliyemfundisha.

Basi aondoke. Sisi wa kunyolewa hatupotezi chochote. Zikiwa mbili pale barabarani, labda hata bei itashuka.