Wanaume wa Buha, tuandike majina mawili

Huku Kasulu mwanaume akinunua shamba, hati ya mauziano huandikwa jina lake peke yake. Mke, akiitwa, huitwa kusaini kama shahidi. Halafu miaka yote shamba hilo hulimwa maharage na mahindi kwa jembe la mke zaidi kuliko la mume, na siku likitokea la kutokea, ndugu wa mume huitafuta ile karatasi. Nasema haya nikiwa Muha, mkulima, niliyetoa ng'ombe wa mahari na kufunga ndoa kanisani. Shamba moja nimeachiwa na baba. Jingine tulilinunua mimi na mke wangu kwa fedha za maharage.

Wengi wetu hudhani mpango wa mali kati ya mume na mke haubadiliki mpaka ndoa ivunjike. Sivyo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 58, inasema ndoa haihamishi umiliki: cha mume hubaki chake na cha mke hubaki chake, isipokuwa wenyewe wamekubaliana vingine. Hayo maneno ya mwisho ndiyo ninayotaka wenzangu wayasikie. Kifungu cha 60 kinaongeza kwamba mali yenye jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na yenye majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa yao sawa kwa sawa. Majirani zetu wa Rwanda, kwa sheria ya mwaka 1999, waliwekewa mifumo mitatu wachague mmoja wanapooana. Sisi hatuulizwi, na asiyesema kitu anabaki na mali zilizotengana bila kujua.

Kwa shamba la kununua, kazi ilikuwa nyepesi. Tuliandika makubaliano, tukasaini mbele ya mashahidi, tukaiomba halmashauri ya kijiji hati ya hakimiliki ya kimila kwa majina mawili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi na inabatilisha mila inayomnyima. Hati husainiwa na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, kisha hupelekwa kwa ofisa ardhi wa wilaya. Hatukwenda kwa hakimu. Hakimu huhitajika mnapotaka kubadili ndoa ya mke mmoja iwe ya wake wengi, au kinyume chake, na hapo wote wawili mtamke kwa hiari.

Shamba la baba ndilo lililoleta maneno. Kaka zangu walisema ardhi ya ukoo haiandikwi jina la mtu aliyekuja kwa ndoa. Nawaheshimu, na hoja yao ina uzito, maana wawili kati yao wanalima sehemu ya bondeni. Basi bonde tumeliacha kama lilivyo. Lakini kiwanja chenye nyumba na migomba, mke wangu alipolea watoto wetu, tumekiandika majina mawili. Hata kabla ya hapo kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kilinikataza kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa yake. Na anayesema mila zetu hazimpi mwanamke mamlaka akumbuke kwamba utawala wa Heru, hapa hapa Buha, uliwahi kuwa chini ya mwanamke, Mwami Theresa Ntare, na wazee wetu walimtii.

Kuna wanaonishauri niiachie mahakama. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Ni uamuzi mkubwa, na wanawake wengi wameutegemea tangu hapo. Hata hivyo Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa mahakama iliona amekwisha kutumia vibaya fedha alizopewa na mumewe. Isitoshe, mgawanyo huo hufanywa watu wanapoachana au kutengana. Je, mume akifa? Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 linamnyima mjane urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Lakini sehemu iliyo kwa jina la mke si ya marehemu, haiingii kwenye mirathi.

Vijana huniambia mke akiandikwa atamfukuza mume. Hataweza. Majina mawili yanatufunga wote: yeye hauzi bila mimi, nami siuzi bila yeye, hata msimu wa njaa mnunuzi anapokuja na fedha mkononi.

Kwa hiyo nina maombi. Halmashauri za vijiji vya Kasulu na Kibondo zisipokee ombi la hati kutoka kwa mtu mwenye ndoa kabla ya kuwauliza wote wawili, kila mmoja kwa kinywa chake. Mapadri, wachungaji na masheikh waeleze kifungu cha 58 katika mafundisho ya ndoa, kabla ya sherehe. Na waliokwisha kupata hati yenye jina moja waruhusiwe kuongeza la pili bila kulipishwa upya.