MTI UPIMWE, NA JASHO LIPIMWE



Wataalamu wa karatasi hupima mti kwa nyuzi zake. Msonobari una nyuzi ndefu, kama milimeta 3, ndio utoao karatasi imara ya mifuko ya saruji. Mkaratusi una nyuzi fupi, kama milimeta 1, hutoa karatasi laini ya kuandikia. Vipande vikipikwa kwa dawa kali, karibu nusu tu ya mti hubaki kuwa karatasi. Hata mafuta ya utomvu wa msonobari yatokayo katika kupika huko huhesabiwa.

Vyema. Mbona mfanyakazi hamo katika hesabu hiyo?

Mkaratusi waweza kukatwa kabla ya miaka 10. Msonobari hungoja zaidi ya miaka 15. Basi achaguaye mti leo achagua kazi ya watoto wetu. Asiyepanda leo aandika barua ya kuwafukuza kazi.

Kiwanda cha Webuye kilianza kutoa karatasi mwaka 1974, kikafungwa mwaka 2009 kwa madeni, na mji ukaona taabu. Lakini kiwanda hakifi kwa madeni tu. Hufa pia kwa kukosa magogo.

Twataka mambo mawili. Wajumbe wa wafanyakazi waketi katika kamati zichaguazo miti. Na kila shamba likatwalo lipandwe tena bila kukawia.

Hatupingi elimu. Twapinga elimu ihesabuyo utomvu ikasahau jasho.

Umoja ni nguvu!