Tusome jenomu ya kuvu ya mwarobaini kabla haijabisha hodi

Kusini mwa India mwarobaini unakauka kuanzia ncha za matawi. Mhusika mkuu ni kuvu iliyoelezwa na watafiti wa Karnataka katika miaka ya 1990, wakaiita Phomopsis azadirachtae. Kuvu hiyo hukausha vitawi na kuozesha matunda, na baya zaidi, husafiri ndani ya mbegu. Mwarobaini wetu asili yake ni huko huko Asia, na hakuna sababu ya kudhani kwamba maradhi yake hayajui njia. Ndiyo maana naona Kenya na Tanzania zianze sasa kukusanya kuvu za miarobaini ya pwani, zisome jenomu zake, yaani vinasaba vyake vyote, na kuyaweka matokeo hadharani.

Wapo watakaosema kusoma jenomu hakuui kuvu, na mwenye mti anataka dawa. Ni kweli, lakini dawa ya nini? Tawi lililokauka laweza kuwa limeathiriwa na ukame, na huko India mdudu afyonzaye machipukizi huacha dalili zinazofanana na za kuvu hii. Anayepulizia bila kujua anamwaga fedha. Faida ya kujua kwanza ilionekana Bangladesh mwaka 2016, ugonjwa mgeni wa kuvu ulipoharibu takriban hekta 15,000 za ngano. Watafiti walisoma vinasaba vya kuvu hiyo kutoka kwenye majani yaliyougua, wakaviweka wazi mtandaoni, na katika wiki chache ikajulikana kwamba ilitoka Amerika Kusini. Ugonjwa ulipofika Zambia, ulinganisho wa jenomu ulionyesha kwamba ulikuwa umeingia huko kwa safari nyingine, haukutoka Bangladesh.

Wapo pia watakaotaja gharama, lakini hoja hiyo ilikuwa na uzito zamani. Kilifi, penye miarobaini tele, maabara ya utafiti wa afya ya KEMRI na Wellcome ilisoma jenomu za kirusi cha korona. Jenomu ya kuvu ni kubwa mara nyingi zaidi na inadai kazi ya ziada, ila utaalamu wa msingi upo. Ninachohofia zaidi ni matokeo kufungiwa. Mkaguzi wa KEPHIS, shirika la Kenya la afya ya mimea, pale Mombasa, au wa TPHPA, mamlaka ya Tanzania ya afya ya mimea, bandarini Dar es Salaam, hawezi kupima shehena ya mbegu kwa kutumia jenomu iliyolala kwenye kompyuta ya mtafiti anayesubiri makala yake ichapishwe.