Msimbomilia usimtishe mrina asali wa Biharamulo

Mfugaji nyuki wa Biharamulo anayetaka asali yake ikae kwenye rafu za maduka makubwa ya Mwanza au Dar es Salaam huulizwa maswali kadhaa kabla chupa haijafunguliwa ionjwe. Mojawapo ni hili: iko wapi ile mistari myeusi? Mistari hiyo, ambayo wataalamu wameipa jina la msimbomilia, imekuwa kama tiketi ya kuingilia sokoni. Siku hizi huongezewa na mraba wa QR, ili mnunuzi auelekezee simu na kufunguliwa ukurasa wa intaneti unaoeleza asali imerinwa msitu gani na kikundi gani.

Mkulima ana haki ya kuuliza: teknolojia hii ina mwenyewe? Na je, mwenyewe atakuja kutudai?

Wenyewe walikuwapo, tena wengi. Wamarekani Norman Joseph Woodland na Bernard Silver walipewa hataza ya msimbo wa kwanza Oktoba 7, 1952. Muda wake ulikwisha kabla dunia haijaanza kuutumia, kwani bidhaa ya kwanza kupitishwa kwenye mashine dukani, paketi ya ubani wa kutafuna wa Wrigley, ilipitishwa Juni 26, 1974 mjini Troy, Ohio. Wajanja wakaja baadaye. Hataza za Jerome Lemelson zilitumika kudai malipo kwa makampuni yaliyotumia mashine za kusoma misimbo, zikaingiza zaidi ya dola bilioni 1, hadi mahakama ya Marekani ilipoamua mwaka 2004 kwamba haziwezi kutumika kudai mtu.

Inayotuhusu zaidi ni ya kampuni ya NeoMedia. Hataza yake, namba 6,199,048 ya mwaka 2001, ilihusu jambo ambalo leo kila kijana mwenye simu kubwa analifanya: kusoma msimbo wa bidhaa, kuutafuta katika kumbukumbu za kompyuta na kupelekwa kwenye anwani ya intaneti. Mwaka 2007 shirika la Electronic Frontier Foundation liliomba hataza hiyo ichunguzwe upya, likidai wazo hilo lilikwishajulikana. Mwaka 2008 ofisi ya hataza ya Marekani ilikataa, kwa uamuzi wa awali, madai yote 95 ya kampuni; kampuni ikayarekebisha na kubaki na hataza iliyopunguzwa makali. Sasa hata miaka yake 20 imekwisha. Wajapani wa Denso Wave, waliobuni QR mwaka 1994, walichagua njia ya kiungwana zaidi: walisajili hataza, kisha wakatangaza kuwa hawatamdai anayeutumia msimbo huo kwa kufuata viwango vyake.

Hata kabla ya kuisha, hataza ya Marekani haikuwa na nguvu Ngara wala Biharamulo. Hataza hulinda mahali iliposajiliwa tu. Kwetu husajiliwa BRELA, chini ya sheria ya mwaka 1987, au kupitia ARIPO ya Harare ikiwa Tanzania imetajwa katika maombi. Kwa hiyo atakayepita vijijini akimtoza mkulima ada ya hataza ya kuchapa mistari kwenye lebo aambiwe aonyeshe cheti cha BRELA.

Hofu yetu iko kwingine. Kila msimbo una namba, na namba ina mwenyewe. Hadi GS1 Tanzania ilipoanzishwa mwaka 2011, wazalishaji wetu walikuwa wakitumia namba za Kenya au Afrika Kusini. Leo namba za Tanzania huanza na 620. Mlanguzi akinunua asali kwa madumu na kuifungasha chini ya namba yake, kwenye kumbukumbu asali hiyo ni yake. Na ukurasa unaofunguliwa na QR pia ni wake. Atakachoandika humo kuhusu Biharamulo, au asichoandika, ni hiari yake. Hilo halihitaji hataza yoyote.

Tusisahau pia kwamba msimbo si cheti cha ubora. Namba 620 haithibitishi hata kwamba bidhaa imetengenezwa Tanzania, inaonyesha tu aliyepewa namba alisajiliwa wapi. Alama ya TBS ni jambo jingine kabisa. Na mkungu wa ndizi wa Rulenge, kwa bahati nzuri, hauhitaji mistari.

Kahawa ndiyo isiyoweza kusubiri. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka kahawa inayoingia huko ijulikane imetoka shamba gani, na ingawa utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, taarifa za mashamba zinahitajika. Atakayezishika taarifa za mkulima wa Ngara ndiye atakayezungumza na mnunuzi.

Tunazishauri halmashauri za Ngara na Biharamulo, kwa kushirikiana na SIDO, zivisaidie vikundi vya warina asali na vyama vya msingi kusajili namba kwa majina yao wenyewe. Vikundi visinunue namba zinazouzwa rejareja kwenye intaneti, kwani huenda zimeandikishwa kwa jina la kampuni nyingine. Na mkataba wowote wa kutengenezewa QR uandike wazi nani anamiliki ukurasa, nani anaruhusiwa kuubadilisha, na taarifa zitabaki kwa nani mkataba ukivunjika.