Ujuzi Usifungwe Kifuani



Mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili latufaa sana sisi tunaojifunza, baada ya zamu, kuchonga sanamu ndani ya kompyuta kwa programu iitwayo Blender.

Kazi huanza na tufe, kama bonge la udongo. Brashi huinua udongo. Ukishikilia Ctrl huchimba. Ukishikilia Shift hulainisha. F hubadili ukubwa wa brashi. Mtu aliyekesha kazini husahau mambo haya upesi. Basi kila mwanagenzi na awe na daftari, aandike kwa mkono wake alichobonyeza na kilichotokea.

Lakini daftari haliwezi kusema, “Hapa umekosea.” Lahitajiwa jicho la fundi. Nao wako mafundi wanaoficha ujuzi, wakiogopa vijana watawapokonya riziki. Hofu hiyo twaijua. Lakini ajuaye peke yake husimama peke yake mbele ya tajiri. Tukijua wengi, twasimama wengi.

Programu yenyewe ilipatikana kwa harambee. Mwaka 2002 watu wa nchi mbalimbali walichanga Euro 100,000 kwa wiki saba, ikakombolewa kwa wenye mtaji, ikawa ya wote bila malipo. Je, kilichokombolewa na wengi kifungwe na mmoja?

Twaiomba kamati ya tawi itenge saa mbili kila Jumamosi, fundi mmoja kwa wanagenzi watatu. Ndugu fundi, njoo. Ndugu mwanagenzi, njoo na daftari lako.