Ndimu Zipo Kongowea, Chupa ya Nini?

Kuna watu hapa Mombasa wanaonunua sharubati ya ndimu ya ng'ambo, na mlangoni mwa duka hilo hilo mama amepanga mafungu ya ndimu. Waulize. Eti gimlet halisi haitaki ndimu mbichi. Wamesoma, hao. Katika The Long Goodbye, riwaya ya Raymond Chandler ya 1953, mhusika mmoja anashikilia kuwa gimlet ni jini nusu na sharubati ya Rose's nusu, basi. (Jini ya chupani, si yule wa mbuyuni.)

Haya, na hiyo sharubati ilitoka wapi? Mabaharia walisumbuliwa na kiseyeye, na ndimu haivumilii miezi melini. Mwaka 1867 Lauchlin Rose, Mskochi wa Leith, akasajili njia ya kuhifadhi maji ya ndimu kwa sukari badala ya pombe. Mwaka huo huo sheria ikazitaka meli za Uingereza zibebe maji ya ndimu au limau. Chupa ile ni ya mtu aliye mbali na mti. Wewe uko Kisauni, Kongowea ni matatu moja. Uko bahari gani?

Tena kinachoniudhi si ladha. Ni kwamba yule yule anayelipia gimlet Nyali bila kuuliza bei ndiye anayemcheka mzee wa mnazi mangweni. Kikitoka mti wa hapa ni cha walevi. Kikivuka bahari ni cha wastaarabu. Ustaarabu gani huo, jamani, wa kuiga shida ya baharia?

Chukua ndimu 12. Menya ngozi ya kijani tu, nyeupe ina uchungu. Ifikiche na kikombe cha sukari, ilale kwenye friji. Asubuhi kamulia ndimu zile zile, koroga mpaka sukari iyeyuke, chuja. Jini mililita 60, sharubati 30, barafu, ndani ya chupa ya jamu yenye kifuniko. Tikisa mpaka mkono uume kwa baridi. Jini iwe na stempu ya KRA, maana pombe za kichochoroni zimeshapofusha watu nchini. Asiyekunywa atie maji baridi badala ya jini. Glasi ni ile ile.